Watawa wa Kihindu na Hekalu la Itale Kisiwani Kauai: Dhana Potofu na Ukweli

Kiswahili kinatofautisha Mhindi na Mhindu kwa irabu moja tu, na irabu hiyo huponyoka kwa urahisi katika mazungumzo ya kila siku. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, naye anaweza kuwa Mwislamu wa Ismailia, Mkatoliki wa Goa, Singasinga au mtu asiye na dini kabisa. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, awe ametoka Gujarat, Bali au California. Ukiongeza juu ya hapo ile methali ya «Baniani mbaya kiatu chake dawa», ambayo ilimfungia Mhindu ndani ya duka kwa vizazi kadhaa, haishangazi kwamba msomaji wa Afrika Mashariki akisikia habari za watawa wa Kihindu huwa hana picha yoyote ya kuanzia, au huwa na picha ambayo si yao. Makala haya yanapima baadhi ya picha hizo kwa kutumia monasteri moja halisi, ile iliyoko kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, ambako hekalu la mawe ya kuchongwa kwa mkono lilikamilika na kuzinduliwa rasmi mwaka 2023.

«Mtawa wa Kihindu lazima awe Mhindi»

Mwanzilishi wa monasteri ya Kauai alizaliwa Oakland, California, tarehe 5 Januari 1927, kwa jina la Robert Hansen. Katika ujana wake alikuwa mcheza baleti huko San Francisco. Mwaka 1947 alisafiri kwenda Sri Lanka, na mwaka 1949, mjini Jaffna, alipokelewa na Yogaswami, mwalimu wa kiroho wa Watamili wa kisiwa kile, ambaye alimpa jina la Subramuniya na kumwagiza arudi Marekani kufundisha. Baadaye alijulikana kama Satguru Sivaya Subramuniyaswami. Mwaka 1970 alihamishia watawa wake Kauai, kando ya mto Wailua, chini ya mlima Waialeale ambao ni miongoni mwa mahali penye mvua nyingi zaidi duniani.

Watawa wake walikuwa, na bado kwa sehemu kubwa ni, watu waliozaliwa nje ya India, wengi wao Marekani. Mafundisho wanayoyafuata, hata hivyo, hayakubuniwa California. Ni Ushaiva wa Kitamili, yaani njia ya wale wanaomwabudu Siva kuwa Mungu Mkuu, wenye maandiko yake ya ibada yaitwayo Agama, lugha yake ya Kisanskriti na Kitamili, na mnyororo wa walimu ambao kila mmoja humtambulisha aliyemtangulia. Jina lenyewe la monasteri, Kauai Aadheenam, limetokana na neno linalotumika kusini mwa India kwa monasteri na kiti cha mwalimu wake. Mtu anaweza kujiuliza kama Wahindu wa kuzaliwa waliwakubali watu hawa. Jibu limo katika hekalu lenyewe: michango iliyolijenga ilitoka kwa Wahindu wa nchi nyingi, Watamili wa Sri Lanka na Malaysia wakiwemo, na sherehe ya kwanza ya kuchonga jiwe iliongozwa na viongozi wa kidini wa India wenyewe.

«Watawa hukaa siku nzima wamefumba macho»

Dhana hii ndiyo iliyoenea zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu inaufanya utawa uonekane kuwa likizo isiyo na mwisho. Tafakuri ipo, tena ipo mapema: watawa huamka kabla ya alfajiri, huhudhuria ibada na kutafakari pamoja kabla jua halijapanda. Baada ya hapo siku inakuwa ya kazi. Watawa wapatao 20 wamegawanywa katika makundi matano, yote yakiwa yamepewa majina ya Ganesha, yule mungu mwenye kichwa cha tembo ambaye huombwa aondoe vikwazo kabla ya jambo lolote kuanza. Kati yao kuna wanaoshughulikia uchapishaji, mafundisho ya wanafunzi walioko mbali, fedha na utawala, ujenzi, bustani na ng'ombe. Maziwa hukamuliwa, mtindi hugandishwa, nyasi hufyekwa, na chakula hupikwa bila nyama, samaki wala mayai. Msomaji aliyewahi kufika Peramiho au Ndanda na kuwaona Wabenedikto wakitoka kwenye sala kwenda kwenye karakana na mtambo wa uchapaji hatahitaji maelezo mengi zaidi, ingawa imani ni nyingine kabisa.

Mapumziko yao nayo hayafuati Jumamosi na Jumapili. Hufuata mwezi, kwa hiyo siku za kazi na siku za ukimya hupangwa kwa kuandama kwake, kutimia kwake na nusu zake. Mtu wa pwani anayeujua mwezi mwandamo ataelewa upesi kwamba kalenda ya namna hii haimruhusu mtu kusahau kutazama juu.

Nadhiri ni za kweli na ni ngumu. Watawa wote ni wanaume waseja, hawamiliki mali binafsi, na humtii mkuu wao. Wanaoanza huvaa mavazi meupe na huweka nadhiri za miaka miwili miwili, ambazo hufanywa upya au huachwa. Wengine huondoka, na kuondoka huko hakuhesabiwi kuwa kosa. Baadaye huja vazi la manjano, na mwishoni vazi la rangi ya machungwa la wale walioweka nadhiri ya maisha, ambao ndio huitwa swami. Kwa hiyo si kila mtu anayeonekana humo ni «swami», kama wageni wanavyodhani wakimwita hivyo kijana aliyeingia mwaka jana.

Kama kuna jambo moja linaloonyesha maisha ya pale kwa ufupi, ni zamu. Mwaka 1973 lilianzishwa hekalu dogo la monasteri, liitwalo Kadavul, na tangu mwaka huo watawa wamekuwa wakishika zamu za saa tatu tatu ndani yake, mchana na usiku. Siku moja ina zamu nane. Mwenye zamu ya saa tisa usiku huamka wakati wenzake wamelala, huoga, huvaa vazi safi na kuingia mahali penye mwanga hafifu, penye sanamu ya shaba ya Siva akicheza, na kando ya kuta sanamu ndogo 108 za michezo yake mbalimbali. Ibada huendeshwa hapo kwa kengele, maua, maji na mwali wa kafuri. Mara nyingi hakuna mwumini hata mmoja wa kutazama. Nje ni mvua, vyura na mto. Saa tatu zikiisha, mwingine anaingia, na wa kwanza anakwenda kulala kidogo kabla ya kazi. Mtu anayetaka kuukimbia ulimwengu ili apumzike angepata pumziko zaidi kwa kuajiriwa ulinzi wa usiku katika ghala lolote la bandarini.

«Wanaabudu mawe»

Lawama hii ni ya zamani, na Wahindu wa Mombasa na Zanzibar wameisikia mara nyingi kutoka kwa majirani zao Waislamu na Wakristo. Sikusudii kuamua hapa mgogoro wa kitheolojia ambao una haki ya kuendelea. Ninachoweza kufanya ni kueleza kile ambacho Mshaiva mwenyewe anakisema. Kwake, Mungu hana umbo, naye yupo kila mahali, lakini binadamu hawezi kuelekeza moyo wake kila mahali kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kitu kilichochaguliwa na kuwekwa wakfu kwa ibada maalumu huwa kiti cha kumkaribisha. Kabla ya kuwekwa wakfu, sanamu ni kazi ya fundi tu, na fundi huishika, huigeuza na kuilaza chali bila hofu.

Kinachoabudiwa katika hekalu la Kauai hakina hata sura. Ni fuwele ya asili ya kwatsi yenye pande sita, iliyochimbwa Arkansas, Marekani, yenye urefu wa karibu mita moja na uzito wa pauni 700, yaani zaidi ya kilo 300. Ilifikishwa kisiwani mwaka 1987. Haikuchongwa na mtu yeyote, nalo ndilo jambo linaloipa heshima yake, kwa kuwa mapokeo ya Kishaiva hukithamini sana kile kilichojitokeza chenyewe. Fuwele hupitisha mwanga; kitu kinachoonekana na wakati huohuo mtu anaona ng'ambo yake ni mfano mzuri wa Mungu asiye na umbo, na sidhani kama mfano huo unahitaji mwanafalsafa wa kuufafanua. Hekalu lililojengwa kuihifadhi linaitwa Iraivan, neno la Kitamili lenye maana ya Anayeabudiwa.

«Mahekalu ya mawe ni ya zamani, siku hizi mashine ndizo zinazochonga»

Hapa pana mambo mawili yaliyochanganywa, na yote mawili si sahihi. Ni kweli kwamba mfano mkuu wa ujenzi wa kusini mwa India, hekalu la Brihadisvara huko Thanjavur, lilikamilishwa mnamo mwaka 1010 chini ya mfalme Rajaraja wa Chola. Lakini ufundi ule haukufa naye. Msanifu wa Iraivan, V. Ganapati Sthapati, alizaliwa 1927 katika ukoo wa mafundi wa mawe, akaongoza chuo cha serikali cha usanifu na uchongaji huko Mamallapuram, na ndiye aliyesanifu ile sanamu kubwa ya mshairi Thiruvalluvar iliyozinduliwa baharini Kanyakumari tarehe 1 Januari 2000. Alifariki 2011, kabla hekalu la Kauai halijamalizika, na kazi ikaendelea mikononi mwa wale aliowafundisha.

Uamuzi wa kuchonga kwa mkono ulitoka kwa mwanzilishi, aliyesema kwamba tarehe 15 Februari 1975 alimwona Siva akitembea katika uwanda ulio kando ya mto. Iraivan likachongwa nchini India, nje kidogo ya Bangalore, kuanzia mwaka 1990, mahali ambapo wachongaji walijengewa makazi wakaishi na familia zao. Jiwe ni itale nyeupe yenye kijivu. Anayeyajua majabali ya Mwanza anaijua itale, na atakubali kwamba si jiwe la kuchezea. Mafundi wa pwani yetu, kuanzia Kilwa hadi Lamu, walikuwa na bahati ya matumbawe, ambayo yakitolewa baharini yakiwa mabichi hukatika kwa wepesi na kuja kuwa magumu baadaye hewani. Itale haitoi nafasi hiyo.

Tazama namna inavyofanyiwa kazi. Kwanza jiwe hugongwa na kusikilizwa, kwa maana jiwe zima hulia kama kengele, na lenye ufa wa ndani hutoa mlio mfu. Kisha mistari huchorwa kwa uzi uliochovywa rangi nyekundu, ukavutwa na kuachiwa upige juu ya jiwe. Mchongaji hukaa chini, mguu mmoja umekunjwa, tindo fupi ya chuma mkono wa kushoto na nyundo mkono wa kulia. Kila pigo huondoa unga tu, au kigae kidogo kama ukucha, kwa sababu itale haikatiki kama mbao. Huvunjwavunjwa punje kwa punje. Ncha ya tindo huchoka upesi sana, na hapo ndipo umuhimu wa mtu ambaye wageni hawamkumbuki unapoonekana: mhunzi. Yeye huketi kwenye tanuri dogo akipokea tindo butu, anazitia motoni, anazinoa kwa nyundo, anazizamisha majini na kuzirudisha, kutwa nzima. Mhunzi akiugua, wachongaji wote wanasimama.

Katika mwendo huo, nguzo moja huweza kuchukua miaka. Ipo minyororo ya mawe yenye pete zinazocheza, ambayo haikuunganishwa popote, kwa kuwa mnyororo mzima ulitolewa katika jiwe moja, na pete moja ikivunjika mwishoni hakuna cha kugundisha. Jiwe lote hutupwa. Watawa hutoa sababu ya kiroho ya kukataa mashine, nayo ni kwamba mapigo ya mkono hulitendea jiwe kwa upole. Sababu ya kibinadamu inanivutia zaidi: kazi kubwa ya miaka mingi ni shule, na vijana waliojifunza kushika tindo kwenye mradi ule hawangejifunza popote kama mawe yangepelekwa kiwandani.

Dhana nyingine iliyojificha humu ni kwamba watawa ndio waliochonga. Hapana. Wachongaji ni mafundi wa kulipwa, wenye wake na watoto, na watawa walikuwa wasimamizi, watafuta fedha na wapokeaji wa makontena. Mawe yalisafirishwa kwa meli kutoka India hadi Hawaii, kisha vikundi vidogo vya wachongaji vilifika kisiwani kuyapanga. Kunyanyua kulifanywa kwa winchi na minyororo, na hakuna aliyeficha jambo hilo. Kupanga kwenyewe kulitegemea jicho na tindo, kwa sababu mawe hukaa juu ya mengine kwa uzito wake na kwa jinsi yalivyolinganishwa.

«Watawa huikataa sayansi ya kisasa»

Monasteri hii imechapisha jarida la Hinduism Today tangu 1979, na watawa wake walianza kupanga kurasa kwa kompyuta katika miaka ya 1980, wakati ofisi nyingi bado zilitumia taipureta. Lakini ushahidi mzito zaidi umefukiwa chini ya hekalu.

Watawa walitaka jengo lidumu miaka 1,000, na walipouliza namna ya kujenga msingi, walimwendea P. Kumar Mehta, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyebobea katika sayansi ya zege. Jibu lake lingemshangaza fundi yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi: ondoeni nondo. Tumezoea kuamini kwamba zege bila nondo ni udanganyifu wa mkandarasi, na kwa boriti au sakafu ya ghorofa imani hiyo ni sahihi kabisa. Lakini nondo ni chuma, na chuma hupata kutu, hasa kisiwani penye mvua na chumvi. Kutu huvimba, na uvimbe hupasua zege kutoka ndani. Msingi unaobeba mzigo wa kusukuma chini tu, ukiwa mnene na umekaa sawasawa juu ya ardhi, unaweza kuishi bila chuma.

Tatizo la pili ni joto. Saruji ikikutana na maji hupata joto, na katika bonge kubwa la zege joto hilo huleta nyufa likipoa. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya saruji iliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na majivu laini ya makaa ya mawe, taka ya mitambo ya umeme, ambayo huifanya zege ikomae polepole bila joto kali. Warumi walitumia majivu ya volkano kwa namna inayofanana na hiyo, na baadhi ya kazi zao zingali zimesimama. Mwaka 1999 yalimwagwa mabamba mawili, moja juu ya jingine, kila moja likiwa na urefu wa mita 36, upana wa mita 17 na unene wa sentimita 61. Hivyo mradi ulioikataa mashine ya kuchongea jiwe ulikubali zege ya maabara, na hakuna kigeugeu katika hilo: swali lililoulizwa mara zote mbili lilikuwa ni kipi kitakachodumu.

«Miaka 33 ni dalili ya uzembe, au ya fedha zilizoliwa»

Sisi tulioshuhudia misingi ya majengo ya ibada ikiota majani tuna haki ya kushuku. Kuanzia pigo la kwanza la tindo mwaka 1990 hadi kuzinduliwa mwezi Machi 2023 ni miaka 33, na mwanzilishi hakuufikia mwisho; alifariki tarehe 12 Novemba 2001, mwaka uleule mawe ya kwanza yalipoanza kupangwa. Mrithi wake, Satguru Bodhinatha Veylanswami, ndiye aliyelifikisha hekalu kwenye uzinduzi.

Ucheleweshaji, hata hivyo, ulikuwa sehemu ya mpango. Mwanzilishi alikataza mkopo: kazi ilisonga kwa kiasi cha fedha zilizokuwa mkononi, na zikipungua wachongaji walipunguzwa. Pia aliagiza kwamba sambamba na fedha za kujengea zikusanywe fedha za kulitunza, ziwekezwe, na faida yake ndiyo ilipie matengenezo ya vizazi vijavyo. Msomaji wa Kiislamu atalitambua wazo hili mara moja, kwa sababu ni jamaa wa wakfu. Mnara ulioezekwa kwa tabaka jembamba la dhahabu huwafanya wageni wafikirie anasa, lakini fedha nyingi hazikwenda kwenye dhahabu. Zilikwenda kwenye mishahara ya watu walioketi chini wakigonga jiwe.

«Ni ukumbi wa ibada kama kanisa au msikiti»

Hili lahitaji maneno machache tu. Hekalu la Kishaiva la kusini halikujengwa kwa ajili ya umati kuketi na kuhubiriwa. Ni nyumba ya Mungu, yenye chumba cha ndani kidogo na chenye giza, na mwumini huja kumwona na kuonekana naye, kisha huondoka. Iraivan lilikusudiwa kuwa mahali pa hija na tafakuri, kwa hiyo harusi na sherehe za kijamii hazina nafasi humo.

Hapo ndipo linapotofautiana na hekalu ambalo wasomaji wa Kenya wanalijua zaidi, lile la Swaminarayan jijini Nairobi, lililozinduliwa 1999. Nalo lilichongwa India, kwa jiwe la manjano la Jaisalmer, likaja vipande vipande kwa meli na kupangwa hapa. Lakini hilo ni la njia nyingine ya Kihindu, inayomfuata Vishnu, na ni la jumuiya: lina ukumbi wa mikutano, watoto wake, Diwali yake na vyakula vyake. Ndugu wa jumuiya hiyohiyo, wengi wao familia zilizoondoka Kenya na Uganda, walijenga hekalu la namna hiyo London mwaka 1995 kwa chokaa ya Bulgaria na marumaru ya Italia, vipande 26,300 vilivyopelekwa India kuchongwa na kurudishwa Ulaya. Kwa hiyo usemi wa «hekalu la Wahindu» haumwelezi mtu mengi zaidi ya ule wa «jengo la Wakristo». Kwanza aulize ni la nani, na hutumika kwa kazi gani.

Huko Kauai, asubuhi, wageni wa dini zote huruhusiwa kuingia kwa saa chache wakiwa wamevaa kwa heshima. Baada ya hapo mlango hufungwa, na watawa hurudi kwenye ng'ombe, kurasa na hesabu zao, hadi zamu ya mmoja wao itakapofika.